Hamsini na Sita wa Chini

Huku Riga, Novemba, saa kumi jua limeshakwenda zake.
Reinis amefunga daftari kwa kiwiko.
"Baba, saba mara nane haitaki kukaa kichwani."

Tebo nimemwimbia, nimembembeleza, nimemfokea,
na jana, Mungu anisamehe, niligonga meza
kwa kishindo kile kile alichonigongea baba yangu.

Leo sina sauti. Nimezima taa ya jikoni.
Ng'ambo ya ua limesimama jengo la wenzetu,
zege tupu, ghorofa tisa,
kila ghorofa madirisha tisa.

"Hesabu kutoka chini, kisha kutoka kushoto.
Ghorofa ya tatu, dirisha la nne.
Sasa funika kwa kiganja, toka pembeni hadi pale.
Umefunika mangapi?"
"Kumi na mawili." Akachungulia. "Anakaanga samaki."
Akapanda ya nne, dirisha la tatu.
"Kumi na mbili mwingine! Huyu anapiga pasi."

Wiki nzima tukawa tunawabatiza majirani.
Ishirini na nne wako wanne, wametawanyika
kama ukoo uliogombania urithi.
Arobaini na tisa yuko peke yake, hana pacha,
yeye na paka wake mweupe.
Jumanne Reinis aliruka hadi sufuria ikaanguka:
nusu ya jengo ni kivuli cha nusu nyingine!
"Kumbe nimeonewa, Baba! Tebo ni nusu tu!"

Hamsini na sita ni wawili, bega kwa bega, mshazari.
Wa juu anajifunza tarumbeta, na bado.
Wa chini ni Bibi Austra, taa ya manjano,
huiwasha saa kumi na robo, haikosei.

Alhamisi haikuwaka.
Ikafika saa mbili. Reinis dirishani,
mswaki mdomoni, povu kidevuni:
"Baba, hamsini na sita wa chini hayupo."

Sikumpongeza. Tulivaa makoti juu ya nguo za kulalia.

Ghorofa saba, lifti mbovu. Aligonga yeye.
Bibi akafungua, mshumaa mkononi:
globu imeungua, na goti lake limekataa kupanda kiti.
Nikapanda mimi.
Akatukatia mkate mweusi, akaupaka siagi na asali,
akamuuliza mtoto alijuaje.
"Saba mara nane," alijibu, shavu limejaa,
kama mtu anayetaja anwani ya shangazi yake.

Ijumaa, shuleni, alikosa sita mara tisa.
Sikushangaa. Pale walihama tangu kiangazi,
na yule wa juu, tisa mara sita,
hushusha pazia mapema.