Toazi Lililopasuka

Amelileta limefungwa kwa taulo la kuogea,
kama mtu apelekaye paka mgonjwa kwa daktari.
"Lako," Clifford akasema.
Miaka arobaini na minne tangu aliibe
nyuma ya jukwaa, Huddersfield,
usiku ule bendi yake na yangu zilipogombea
kreti moja ya bia na sifa ya kuchukiwa zaidi.

Lina ufa sasa, toka ukingoni hadi karibu na kitovu.
Sikusema asante. Nililigonga kwa ukucha.
Likatoa sauti ya sufuria inayojua siri.

Chumba kipo juu ya kiwanda cha zamani cha sufu, Halifax.
Mashine za kufuma ziliuzwa,
matundu ya skrubu yamebaki sakafuni,
na madirisha yanavuja mvua ile ile.
Mama alifanya kazi hapa. Alisoma midomo,
kwa kuwa kelele ilikula masikio ya ghorofa nzima.
Mwalimu wangu wa ngoma ni karoti zake:
saa mbili baada ya zamu, jikoni,
kisu bado kinafuata mashine.

Ngoma ivumayo haidumu.
Yetu haikuvuma.
Tuliuza nakala mia sita, mia mbili kwa jamaa,
kisha nikaendesha basi la shule miaka thelathini na moja,
nikipiga usukani kwenye taa nyekundu,
watoto wakidhani nimekasirika.
Yeye alitengeneza maboila.
Ndiyo maana tupo.

Tumekubaliana: hakuna gitaa, hakuna mwimbaji.
Wapiga gitaa wetu wote wawili wamekufa,
na waimbaji wako hai, jambo ambalo ni baya zaidi.
Ngoma zetu zimetazamana. Kati yake
kabati la chuma la mafaili, trei za kuokea,
radieta iliyong'olewa choo cha wanaume.
Zeeshan, fundi wa sauti, kijana wa umri wa buti zangu,
anauliza albamu hii tuiite muziki wa aina gani.
"Wa kuchelewa," anasema Clifford.

Kipande cha nne ni saba juu ya tano.
Mimi nahesabu saba, yeye tano,
tunakutana kwenye thelathini na tano
kama majirani wasiosalimiana, mlangoni.
Hapo ndipo mkono wake wa kushoto ulipoanza.
Si mtindo. Ulianza Februari,
daktari ameupa jina refu.
Mkwiro uligusa ngozi mara nyingi mno,
manyunyu yasiyoamua kuwa mvua.
Akaacha. Akatazama yale matundu sakafuni.

Zeeshan akasema, kwa upole kweli,
anaweza kuyafuta hayo kwenye kompyuta,
kila pigo alirudishe mahali pake.
"Yaguse," nikamwambia, "nami nikuguse."

Alipotoka kwenda kununua chipsi, tulirudia.
Nikaziacha saba zangu.
Mtetemo hauhesabiki, nilijaribu:
tatu, kumi na moja, kimya, mbili na nusu.
Basi nikafumba masikio, nikafumbua macho,
nikausoma mkono wake kama Mama alivyosoma midomo,
nani kaumwa, nani kaolewa, nani hatakuja kesho,
na nyonga yangu ya chuma ikanichoma kila nilipokanyaga.
Mara ya kwanza nilipotea. Ya pili pia.
Ya tatu sijui ilikuwaje. Sikuwa nikipiga naye,
nilikuwa ndani ya kile kifundo cha mkono,
na toazi lile likakohoa lenyewe, bila kuombwa,
pale hasa ambapo mimi nisingethubutu.

Taa nyekundu ya mtambo ilikuwa inawaka.
Hakuna aliyekuwa ameizima.

Hatukusema kitu. Radieta ilikuwa bado inalia.
Clifford akalikunja taulo mara nne,
akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna nafasi ya toazi.

Hakuna, nikamwambia.
Liibe tena.
Kesho saa nne ulirudishe.