Chumvi Iko Nyuma Kabisa

Chumvi tunaiweka nyuma kabisa.
Si bahati mbaya. Mimi ndiye niipangaye,
saa tano usiku, Mikocheni imelala,
nina kisu cha maboksi na redio ya Bwana Ngowi
asiyetaka ngoma ya haraka humu ndani,
kwani mguu hufuata ngoma
na mguu wa polepole una mkono mrefu.

Mlangoni, matunda.
Mapapai yamepasuliwa, yameachwa wazi yacheke.
Mchicha uliokatwa juzi bonde la Msimbazi
tunaunyunyizia maji kila nusu saa
ujifanye bado unaukumbuka umande.
Tanuri la mikate lina feni nyuma yake,
imeelekezwa kwa watu.
Harufu ya mkate haikuulizi una shilingi ngapi.

Saa ya ukutani hakuna. Dirisha hakuna.
Nje jua la Februari linakaanga lami;
ndani ni asubuhi ya Lushoto kutwa nzima.
Mtu akiingia hushusha pumzi,
na akishashusha pumzi
ameshaanza kununua.

Kimo cha macho kina kodi yake:
wenye sabuni hulipa ili wakutazame usoni.
Unga wa bei nafuu uko chini. Upigie magoti.
Na kimo cha mtoto wa miaka minne,
hapo pipi nimezipanga mwenyewe,
nikachuchumaa nipate kuona anachokiona.
(Nilimpimia mwanangu, Shamte.
Mama yake sijamwambia.)

Sasa. Jumamosi moja akaja shangazi,
Bi Sikudhani wa Tandika,
aliyenilea dukani kwake, duka la dirisha moja,
nondo za kijani na kitundu cha kupitisha mkono.
Pale mteja hajawahi kuingia.
Unasimama nje juani, unaitaja shida yako kwa jina:
sukari robo, mafuta ya kupima, kiberiti.
Ulichokitaja ulikwisha kukiamua njiani,
sarafu zikilowa jasho kiganjani.
Usichokitaja kilibaki gizani na panya wake.

Akasimama mbele ya mlango wetu wa kioo.
Mlango ukajifungua, ukajifunga, ukajifungua.
Hakuvuka. Akaita:
"Hodi! Nipe chumvi, pakiti moja."

Watu wakageuka. Mlinzi akacheka, akampa kikapu.
Akakitazama
kama mtu aliyetupiwa mtoto wa jirani ambebe.
"Nimekuja na shida moja, baba. Kikapu cha nini?"

Nikatoka mbio nimletee.
Nikapita matunda, nikapita mkate,
nikazunguka pembe ya sabuni,
njia ile ile niliyoichora kwa mkono wangu,
juu ya vigae vidogo vilivyotandazwa makusudi
ili toroli lilie na mwenye toroli apunguze mwendo.
Sikuwa na toroli. Nilipunguza.
Ngoma ya Bwana Ngowi ilikuwa imenishika kisigino.

Nyuma kabisa, rafu ya chini, kushoto. Nikaichukua.

Niliporudi shangazi aliipokea,
akaipimia kiganjani kama alivyozoea,
mzani wake haujawahi kuhitaji betri.
Akaridhika.
Kisha akautazama mkono wangu wa pili.

Biskuti za nazi.
Na mshumaa wa kunukia, rangi ya zambarau.

"Na hivi ni vya nani?"

Nilitaka kusema ni vya Shamte.
Nilitaka kusema ni vya mteja fulani kule ndani.
Mlango ukajifunga katikati yetu, ukajifungua,
na ule ubaridi wa Lushoto ukamwagika miguuni pake
akausogelea hatua moja, nusu hatua,
halafu akarudi juani.

Akafungua pindo la kanga,
akahesabu pesa ya chumvi, ya chumvi tu,
akanyoosha mkono.
Ikabidi niuweke mshumaa chini
nipate pa kupokelea.