Hatari Kubwa

Bwawa la Delbert Stroud halikubadilika.
Tuta ni lile lile la udongo mwekundu
alilolishindilia babaye kwa trekta la kuazima,
mwaka ule Missouri ilipokauka,
ili wajukuu wapate pa kuvulia.
Koki ile ile yenye kutu. Mwerezi ule ule
uliopenyeza mizizi mgongoni mwa tuta,
naye haukati: mkewe aliupenda.

Miaka arobaini fomu ilisema: hatari ndogo.
Bondeni palikuwa malisho tu,
na ng'ombe wa jirani wanajua kuogelea.

Leo mkaguzi, Bi. Twyla Pruett,
buti zimelowa, kalamu sikioni,
tuta alilipita tu. Akasimama akitazama chini:
nyumba ya magurudumu, imeegeshwa tangu Machi,
kamba ya nguo, soksi sita ndogo,
baiskeli imelala kijitoni.
Akaandika: hatari kubwa.

"Kwani limepasuka wapi?"
"Halijapasuka, Delbert. Kwenye mstari huu hatupimi ukuta.
Tunapima nani analala chini yake."

Jioni hakutia chambo.
Alikaa kwenye jukwaa la mbao akihesabu taa za bondeni:
moja, mbili,
ya tatu ikazimwa. Mtoto amelazwa.
Maji yametulia kama mtu ambaye hajaulizwa.

Akainuka, akaishika ile koki iliyoganda,
akaizungusha kwa mikono miwili,
nusu,
na nusu tena,
mpaka akasikia bwawa la babaye
likianza kupungua, polepole, gizani.

Mwerezi hakuugusa.