Buti Njiani

Mtu amelala kituoni. Hapana, hajalala,
ameegama, kidevu kifuani,
kofia ya ngozi ya mbweha imemfunika hadi puani,
na buti lake moja limejinyoosha njiani
kama lililoanza safari likamwacha mwenyewe.

Ulaanbaatar, Januari. Saa kumi na moja jua limeshajichokea.
Moshi wa makaa umeteremka toka mitaa ya vilimani
ukaja kungoja basi pamoja nasi.
Sisi ni sita: mwanafunzi mwenye muziki masikioni,
mama na furushi la nyama iliyoganda,
mvuta sigara, wapenzi wawili ndani ya skafu moja,
na mimi, Enkhtuul, karani wa kiwanda cha sufu.
Wa saba ni yeye.

Neno *mlevi* lilinijia kwanza.
Lilikuja limeshavaa, limeshafunga vifungo,
likanipasha moto kuliko glavu.
Mwaka jana nilimwamsha mmoja kwenye ngazi zetu,
akamtukana mama yangu, marehemu, kwa jina.
Majirani walicheka mpaka ghorofa ya tano.
Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Nikaitafuna, hivyo hivyo, bila kuila.

Halafu nikatafuta pumzi.
Kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri
hakuna awezaye kuficha kwamba anapumua:
kila kinywa kina kijiwingu chake.
Nikahesabu. Cha mama. Cha mwanafunzi.
Cha wapenzi, kimoja kwa wote wawili.
Chini ya kofia ya mbweha kulikuwa na kitu cheupe,
lakini moshi nao ni mweupe,
na macho ya mtu mwenye haraka
huona lile linalomruhusu aondoke.

Nikamtazama mvuta sigara. Naye alikuwa akinitazama.
Mama alinitazama mimi nikimtazama yeye.
Tulikuwa watu sita tukisomana nyuso,
na kila uso umeandikwa: *wenzangu wametulia.*

Chekechea hufungwa saa kumi na mbili.
Mwalimu Sarnai hasemi neno ukichelewa,
anakuvalisha tu mtoto kanzu polepole, kifungo kimoja kimoja.

Basi la umeme likaja likitoa cheche.
Tukasogea.
Nikamkanyaga.

Kwetu ukimkanyaga mtu mguu unampa mkono papo hapo,
awe mgeni, awe mtu mliyegombana naye jana.
Hufikiri. Mkono huenda wenyewe,
kama kope mbele ya vumbi.
Nikainama, nikaushika wake.
Haukuwa na glavu. Ulikuwa mgumu
kama samaki wa soko la baridi.
Nami nikabaki hivyo, nimeinama, nikingoja,
maana desturi haijaisha mpaka mwenzio akurudishie.

Dereva akapiga honi.
Kidole kimoja kilisogea. Au kilikuwa changu.

"Yu hai?" akauliza mvuta sigara.
"Sijui."
Lilikuwa neno la kwanza la kweli kusemwa kituoni jioni ile.
Akatupa sigara, akapiga mia moja na tatu,
akaanza kugombana na simu juu ya jina la mtaa.
Mama akaweka nyama chini, akavua shali.
Wapenzi wakajifungua kutoka kwenye skafu
na kwa mara ya kwanza nikaona ni watu wawili.
Mwanafunzi alipanda basi. Simlaumu.
Dakika moja nyuma nilikuwa yeye.

Gari la wagonjwa lilimchukua na kofia yake.
Hakuna aliyetuambia jina, wala kilichofuata.
Nilifika chekechea saa moja kasoro.
Vifungo vilikuwa sita.
Temuulen akanishika mkono, akauachia:
"Mama, umetoka kumshika nani?"

Watu kiwandani wanasema nina moyo.
Nawaambia ulikuwa mguu, nilijikwaa tu,
na wao wanacheka, wanarudi kwenye mizani za sufu.

Lakini juzi nilipita pale mchana, hakuna mtu.
Nikapima kwa hatua, toka benchi hadi ukingo wa barabara.
Njia ilikuwa pana.
Magari mawili yangepishana.