Hodi

Mnara unazunguka, unabisha hodi,
na wingu la upande wa Newala linaitika
kabla sijameza funda la chai.

Tone likinenepa mara nne
huitika kwa sauti ya matone elfu nne.
Moja nene likisema, membamba hayasikiki.
Niliyaona haya kwenye mkutano wa chama cha msingi,
siku ya bei ya korosho.

Kiooni: kijani. Kisha njano, juu ya Kitangari.
Simu inalia. Shangazi Somoe.
"Chinguile, nianue?"
Magunia sita yamemwagwa uani, juu ya mikeka,
na deni la salfa liko pale pale.

Naishusha shingo ya mnara,
nusu nyuzi tu juu ya upeo.
Huku chini hakuna anayeitika.
Ile njano ni mvua kweli, inanyesha,
ila inakaukia njiani,
haimlowanishi hata kunguru.

"Ziache, shangazi. Haitafika."
"Umeiona?"
"Nimeisikia. Kutoka Mtwara."

Ananyamaza kidogo.
Kisha, nyuma ya pumzi zake,
khashakhasha ya mikeka inayokunjwa
na korosho zikirudi guniani,
moja moja, halafu zote.