Asaa na Wanawe

Daftari la kwanza lina madoa ya mafuta ya karafuu.
Ukilifungua leo, Mlandege, ghorofa ya pili,
karani mpya hupiga chafya mara tatu
na mteja wa hisa huuliza nani anapika pilau.

Babu Asaa alianza Wete, na mizani ya kukodi,
senti tano kwa kila shilingi, hapana zaidi.
Hakuwa na hata mkarafuu mmoja.
Mali yake ulimi,
na ulimi, alisema, hauozi ila ukidanganya.
Akauza cha watu kwa watu,
usiku akihesabu kisicho chake
mpaka kibatari kizime.

Mchora kibao akamuuliza: niandike nani?
Andika Asaa na Wanawe,
akiwafikiria Khatib na Mbarouk, mmoja angali anatambaa.
Lakini "wanawe" ni neno lisilotazama ndevu.
Shangazi Mize alilisoma ana miaka sita,
akanyamaza nalo miaka arobaini.

Kisha serikali ikawa mnunuzi peke yake,
na penye mnunuzi mmoja dalali wa nini?
Kibao kikafunika pipa la maji.
Khatib akaenda Muskati. Mbarouk, baba yangu,
akasomesha hesabu kwa mbegu za mabungo.
Daftari: kurasa tupu,
ila kila Mfunguo Mosi, kwa mkono wa Babu, neno moja:
Tupo.

Mize ndiye aliyekivusha kibao hadi Unguja,
kina duara la ndoo juu ya "Asaa",
zama watu walipoanza kusikia
kwamba benki nzima hukatwa vipande
ikauzwa kama mkate wa mofa.
Wakamcheka: sasa unauza karatasi?
"Nauza neno. Karatasi ni gunia lake."

Mimi ni wa tatu. Bei zangu hupanda na kushuka
kabla chai haijapoa.
Mwezi uliopita nikakuta, ukurasa wa arobaini:
Time binti Hamad, Konde, frasila mbili.
Fedha yake hakuijia.
Deni si lake. Letu.

Nikamsaka kitukuu, fundi wa mafriji Machomane.
Riba sikuweka, Babu angefufuka;
nilipiga frasila mbili kwa bei ya leo,
nikamnunulia hisa.
Akazitazama kwenye simu yangu,
akaisogeza puani.
"Mbona hazinuki?"

Nikamfungulia daftari.