Omu Arobaini na Saba

Alikuja saa mbili asubuhi, baridi bado inauma,
Aurore Hanquet, umri wa binti yangu wa mwisho,
penseli sikioni kama seremala.
Hakuajiriwa na mimi,
wala na kampuni inayouza umeme huu.
Nikamwekea kahawa mezani.
"Baadaye," akasema, "nikishasaini. Au nisiposaini."

Nyumba ni ya Bi Ghislaine, mjane wa mchimba makaa,
matofali mekundu, ngazi nyembamba, Seraing, juu ya Mto Meuse.
Wiki sita nimeng'oa nyaya za enzi ya marehemu,
zilizovikwa pamba, zinazopukutika kama ganda la kitunguu.
Swichi nimezipanga kwa pima-maji. Nyaya ndani ya sanduku
zimelala sambamba, wembe haupiti.
Nilitaka aone hayo. Nilitaka, niseme kweli, anisifu.

Hakusifu. Alibonyeza kitufe cha majaribio
na nyumba nzima ikazimika, friji ikakoroma, ikanyamaza.
Akahesabu soketi za jikoni. Akapiga magoti bafuni.
Akaandika. Penseli yake ilikuwa na sauti.

Kisha akatoka uani, akachomeka misumari yake miwili
kwenye nyasi zenye barafu,
akabana koleo kwenye fimbo yangu ya shaba.
Kipimo kikawaza.
Omu arobaini na saba.
"Mwisho ni thelathini, Bwana Dethier."

Nikalaumu baridi. Nikalaumu udongo wa hapa,
nusu yake masizi ya viwanda.
Hakubishana. Alinitazama tu, nami nikaitazama fimbo.

Maana mita moja chini niligonga mwamba,
Ijumaa, jioni, mvua inanyesha,
nikachukua msumeno. Nikafukia. Nikakanyaga kwa buti.
Nani angeifukua? Umeme wenyewe haupigi kelele;
husubiri mtu mwenye mikono iliyolowa,
na Bi Ghislaine huosha vyombo pekupeku.

Aliandika "haijakubalika" kwa herufi zilizonyooka,
akanipa nakala. Kahawa ilikuwa imeshapoa;
akainywa yote, amesimama, bila sukari.
"Nyuma ya banda udongo ni laini," akasema,
"lakini hilo sikukwambia mimi. Mimi hupima tu."

Naandika haya kwa mikono yenye malengelenge.
Fimbo mbili, nzima, hadi shingoni.
Anarudi Alhamisi.
Kipimo changu kiko hapa mezani, betri mpya.
Safari ile nilikiacha garini, makusudi.